Matairi ya magari ya mfereji: dalili, chanzo na dawa kwa hali ya Mombasa

Magari ya mfereji (slot cars) ni yale magari madogo ya kuchezea yanayokimbia kwa umeme juu ya barabara yenye mfereji wa kuyaongoza. Gari likianza kurushwa nje ya mfereji kila kona, wengi wetu hukimbilia kuagiza. Matairi mapya, ringi mpya, mota kali zaidi. Kifurushi kinangojwa wiki kadhaa, au kinakuja ndani ya begi la jamaa anayerudi kutoka Dubai, matairi yanavalishwa, na gari linateleza vilevile. Hapa Mombasa chanzo mara nyingi hakiko dukani. Kiko kwenye unga wa chokaa unaodondoka ukutani, unyevu wa pwani, mafuta ya vidoleni, na tairi ambalo halijawahi kuwa duara kamili tangu litoke kiwandani. Kwa hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa dalili, na katika kila dalili nimetanguliza sababu ambayo dawa yake haigharimu kitu. Suala la kununua nimeliweka mwisho.

Nazungumzia zaidi magari ya kipimo cha 1/32, ambapo gari halisi la mita 4.5 huwa na urefu wa sentimita 14 hivi. Ndiyo yaliyo mengi majumbani, ya makampuni kama Scalextric, Carrera, Ninco, Slot.it na NSR. Nikitaja ulimi, namaanisha kile kipande cha plastiki chini ya pua ya gari kinachozama mferejini, chenye nyuzi za shaba pande mbili zinazochukua umeme kwenye reli.

Kabla hujagusa tairi

Toa sumaku. Magari mengi yanayouzwa yakiwa kamili yana sumaku chini ya tumbo inayovutwa na reli za chuma na kuligandamiza gari barabarani. Raha yake unaijua. Ubaya wake ni kwamba huficha ugonjwa: tairi bovu kabisa linaweza kuonekana zima mpaka siku sumaku inaposogea nusu milimita. Siku ya mashindano irudishe ukitaka, lakini uchunguzi ufanye bila sumaku na kwa mwendo wa pole.

Kisha jiulize maswali matatu. Je, gari linateleza njia zote au njia moja tu? Magari yote yanateleza, au hili peke yake? Linateleza siku zote, au mchana tu, au usiku tu? Magari yote yakiteleza kona ileile, shida ni barabara, na hakuna tairi litakalokuokoa. Gari moja likiteleza kila mahali, endelea kusoma. Na katika yote yanayofuata, gusa kitu kimoja tu, ujaribu, ndipo uguse kingine. Mtu anayebadilisha matairi, giya na nyuzi za shaba jioni moja hatajua kilichomponya.

Tafuta pia kipande cha kioo kinene, hata cha kabati lililovunjika, chenye kingo zilizosagwa. Kioo ndicho kitu kilichonyooka kwa bei nafuu kuliko chochote nyumbani. Gari likiwekwa juu yake, utaona bila ubishi tairi lipi linagusa na lipi linaning'inia.

Mkia unatupwa nje kila kona

Hii ndiyo dalili ya kila mtu, na ndiyo yenye vyanzo vingi zaidi, basi tutakaa hapa kidogo.

Anza na uchafu. Chukua kitambaa cheusi, pitisha barabarani mkono mmoja, ukitazame. Ukikaa kwenye nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji wa Kale, utakuta unga mweupe hata kama ulifagia asubuhi. Kuta zile hudondosha bila kuchoka. Chini ya paa la makuti utakuta chenga za kahawia. Na miezi ya kaskazi, madirisha yakiwa wazi, vumbi la nje linaingia lenyewe. Futa barabara kwa fulana kuukuu ya pamba iliyoloweshwa kidogo na kukamuliwa vizuri, kisha pitisha kavu. Umeme uwe umezimwa.

Kama reli zako ni za chuma cha kawaida, kama za Scalextric, unyevu wa hapa utazishika kutu. Za Carrera ni chuma kisichoshika kutu na zinastahimili zaidi. Ukisugua kutu, kumbuka kwamba unga wake lazima uondolewe wote. Unga huo ukibaki utapanda kwenye matairi na kuingia ndani ya mota. Na usisugue reli kwa msasa mkali, maana mikwaruzo yenyewe ndiyo nyumba ya kutu ijayo. Kile kisuguzi cha kijani cha kuoshea sufuria kinatosha.

Baada ya barabara, tairi lenyewe. Kata selotepu pana, ibandike mezani gundi ikitazama juu, ubiringishe matairi ya nyuma juu yake mpaka yaache kutoa alama. Watu wengi wakifanya haya mawili tu, nusu ya matatizo yao hupotea, na wengine huona aibu kusema kwamba dawa ilikuwa selotepu.

Ikiwa kuna mafuta, selotepu haitoshi. Mafuta hutoka sehemu mbili. Ya kwanza ni mikono: umekula bhajia, umejipaka mafuta ya nazi, kisha umeshika gari kwa matairi. Ya pili ni yale mafuta ya cherehani tunayotia kwenye bushi za ekseli, yaani vile vipete ambamo ekseli huzunguka. Tone moja likizidi, ekseli inayozunguka hulirusha moja kwa moja kwenye upande wa ndani wa tairi. Utajua kwa kutazama: upande wa ndani unang'aa, wa nje umefifia. Tia mafuta kwa ncha ya sindano, si kwa mdomo wa chupa, na ufute yaliyozidi kabla hujawasha.

Kusafisha mafuta kunategemea tairi limetengenezwa na nini, na hapa ndipo watu huharibu vitu vya pesa. Tairi la mpira wa kawaida unaweza kulifuta kwa kitambaa chenye petroli nyepesi ya kujazia viberiti, ukaliacha likauke kabisa. Usifanye karibu na moto, wala usiwashe gari likiwa bichi, kwani mota hutoa cheche. Tairi la silikoni usiliguse kwa petroli wala mafuta ya taa, maana litavimba na kulegea kwenye ringi. Hilo ni la maji na sabuni, au kiganja chenye unyevu. La yurethani, ile plastiki inayonyumbuka kama mpira, hupenda maji ya sabuni pia, au spiriti ya isopropili kidogo. Tahadhari na spiriti ya dukani ya kusafishia ngozi: aina nyingine zimetiwa mafuta ya mbarika ili zisikaushe ngozi, na mafuta hayo yatabaki juu ya tairi. Soma chupa.

Safi na bado linateleza? Sasa tazama ngozi ya tairi. Mpira uliokaa muda hupata ganda gumu linalong'aa. Bonyeza kwa ukucha: likiwa hai, alama hutoweka polepole, likiwa limekufa juu, ukucha unateleza tu. Matairi mengi ya kiwandani pia yana mshono wa kalibu katikati, kitu kama uzi uliotuna kuzunguka duara zima. Gari linasimama juu ya uzi huo, na mabega yote mawili ya tairi hayafanyi kazi. Chora tairi kwa kalamu ya wino mzito kuanzia ukingo hadi ukingo, endesha mizunguko michache, kisha tazama wino umebaki wapi. Ukibaki pande zote mbili huku katikati pamefutika, ni mshono. Ukibaki upande mmoja, tairi limesagika umbo la pia, nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, au ekseli imekaa mshazari. Ukifutika madoa madoa, duara si duara, na dalili hiyo ina sehemu yake hapo chini.

Lililobaki ni swali la tairi gani kwa barabara gani, na hapa nina msimamo. Mpira wa kawaida hufanya kazi vizuri kwenye plastiki, hasa barabara ikiwa imekwisha kukimbiziwa mpira mwingi, kwa sababu mpira huacha utando mwembamba na utando ule hushika mpira mwenzake. Silikoni hushika sana kwenye mbao zilizopakwa rangi laini na zilizo safi. Kwenye plastiki yenye uso wa kukwaruza kama ya Ninco haifiki mbali. Sponji ni ya magari ya 1/24 kwenye barabara za mbao, mara nyingi pamoja na dawa ya kunatisha inayopakwa barabarani, na sebuleni sioni faida yake. Yurethani si bingwa wa uso mmoja, lakini hukubali karibu nyuso zote, na haibadiliki sana vumbi likiingia kidogo. Kwa chumba cha Mombasa kisicho na kiyoyozi, chenye madirisha yanayofunguliwa, mimi ningeanza na yurethani. Silikoni nzuri katika chumba kilichofungwa ni silikoni mbaya katika chumba kinachopitisha upepo wa bahari.

Jambo moja linaleta ugomvi kila wachezaji wanapokutana: silikoni na mpira kwenye barabara moja. Wanaotumia mpira hulalamika kwamba silikoni huacha utelezi, na vikundi vingi duniani vimekataza kuchanganya. Kama mnacheza pamoja, kubalianeni tairi moja kwa barabara nzima. Kama gari lako la mpira liliteleza ghafla baada ya mgeni kuondoka na gari lake la silikoni, osha barabara kwa maji ya sabuni, pangusa kwa maji matupu, ikauke, kisha kimbiza mpira mpaka utando urudi. Usihukumu tairi kabla ya hapo.

Zuri mizunguko ya kwanza, kisha linaharibika

Kama ni silikoni, jibu ni vumbi, na huna haja ya kutafuta zaidi. Silikoni huokota kila kitu, na baada ya mizunguko michache huwa limevaa koti. Weka kipande cha selotepu kando ya kontrola na ulipitishe kila kipumziko.

Kama ni mpira, hisi joto kwa ncha ya kidole. Mpira ukipata moto huwa laini, na hapa chumba kinachofika nyuzi 30 na zaidi mchana wa kaskazi huanza mbio kikiwa tayari kimeupa nusu ya joto hilo. Laini kiasi ni nzuri. Ukizidi, tairi hunata, gari huanza kukwama na kuruka katika kona badala ya kuteleza taratibu. Kinyume chake hutokea kwenye chumba cha kiyoyozi: mpira ni mgumu mwanzoni, kisha unaamka. Ndiyo maana gari lililopangwa vizuri usiku linakushangaza saa saba mchana. Pasha matairi kwa mizunguko kadhaa kabla ya kupima lolote, na upime saa zile ambazo mtacheza.

Usisahau mota. Mota iliyochemka hupungua nguvu, na dereva huidhania tairi.

Gari linadundadunda

Kwenye sehemu nyoofu ya barabara unasikia mlio wa trrrr, na nyuma ya gari inatetemeka kama mkokoteni unaoshuka kwenye mawe. Duara lina kasoro. Swali ni duara lipi, maana yako matatu yaliyovaana: ekseli, ringi, tairi.

Vua matairi. Shika gari juu, washa mota kwa mwendo mdogo, tazama ringi tupu dhidi ya ncha ya kalamu iliyosimamishwa karibu yake. Nafasi kati ya ncha na ringi ikipanuka na kubana, ringi ni mbovu au ekseli imepinda. Kutofautisha: legeza ringi, izungushe nusu duara juu ya ekseli, ikaze tena. Kasoro ikihama pamoja na ringi, ringi ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, ni ekseli. Ekseli biringisha juu ya kile kioo. Iliyopinda hujionyesha kwa mwanga unaopita chini yake. Nyingi za kisasa zina unene wa milimita 2.38, kwa hiyo kubadilishana kati ya makampuni si shida. Ringi za plastiki za kiwandani mara nyingi ndizo wahalifu, na kama kuna kitu kimoja ambacho pesa yake haipotei, ni ringi za alumini zenye skrubu ndogo ya kukaza kwa ufunguo wa aleni. Huwezi kusaga tairi liwe duara juu ya ringi isiyo duara na ukategemea litabaki hivyo ukilitoa na kulirudisha.

Ringi ikiwa nzima, tairi linahitaji kugundishwa na kusagwa. Kazi hii ndiyo moyo wa maandalizi yote, na haina njia ya mkato.

Safisha ringi na sehemu ya ndani ya tairi kwa spiriti, ikauke. Valisha tairi, ulizungushe kwa vidole likae bila kupinda. Inua ukingo kwa kijiti cha meno, dondosha supa gluu ile nyepesi kama maji, kidogo sana, ukingo ushuke, sogea mbele robo duara, rudia. Kisha upande wa pili. Supa gluu huganda kwa unyevu ulio hewani, na hewa yetu ina unyevu wa kugawa, kwa hiyo usitarajie muda wa kurekebisha kama unaouona kwenye video za Ulaya. Panga tairi kwanza, tia gundi baadaye. Tone likizidi huganda kuwa kinundu chini ya tairi, na kinundu hicho hukupa mdundo uleule uliotaka kuuondoa. Iache ilale usiku mzima.

Kusaga: bandika msasa namba 120 juu ya kitu kilichonyooka, washa mota kwa volti ndogo, gusisha matairi ya nyuma kwenye msasa huku umeshika gari kwa mwili wake. Mimi napendelea betri ya volti 9 na nyaya mbili zilizounganishwa kwenye nyuzi za ulimi, nje kabisa ya barabara, ili unga wa mpira usiingie mferejini. Uzito wa gari wenyewe unatosha, usikandamize. Saga sekunde chache, pumzisha, hisi mota kama imechemka. Ukiendelea mfululizo utaisha na tairi la duara na mota ya kutupa. Baada ya kila raundi ligeuze gari lielekee upande wa pili wa msasa, maana mkono wa binadamu huegemea upande mmoja bila kujijua, na kuegemea huko ndiko kunakozaa tairi la umbo la pia. Wino wa kalamu ukifutika sawasawa kote, panda namba 240, kisha 400. Malizia kwa selotepu.

Yurethani isagwe kwa msasa wa maji na matone ya maji, kwa sababu ikipata joto la kusuguliwa hulainika na kuchanika badala ya kusagika. Maji na umeme wa barabara havikai pamoja, kwa hiyo hapo betri si hiari tena. Silikoni kwa kawaida haikubali msasa. Inunue ikiwa nzuri au iache.

Pima kipenyo cha matairi yote mawili kwa kalipa, kile kipimio chenye taya mbili. Tofauti ikizidi milimita 0.1, endelea na lile kubwa. Usipokuwa na kalipa, kioo kitakwambia karibu yote: weka gari, bonyeza kona moja ya nyuma, kisha nyingine. Likiyumba, bado.

Kuna mdundo mwingine unaokuja katika kona tu, nyoofu zikiwa kimya. Huo hautokani na duara. Mara nyingi ekseli ina mchezo ndani ya bushi, au bushi yenyewe imelegea kwenye chasisi. Tone la gundi nje ya bushi, mbali na ekseli, humaliza.

Linapinduka badala ya kuteleza

Hapa tairi linashika kupita kiasi, au limesimama juu mno. Wengi hulifurahia kushika huku mpaka gari linapolala ubavu. Ukingo wa nje wa tairi ukiwa mkali kama wa kisanduku, hung'ang'ania barabara na kuwa egemeo la kupindukia. Uviringishe kidogo kwa msasa 400, tairi likizunguka, ukiwa umeshika msasa kwa pembe. Kidogo maana yake kidogo. Ukila robo ya upana umepoteza mshiko wa kweli. Halafu angalia kama mwili wa gari umekazwa na skrubu zake mpaka haupumui. Kulegeza skrubu za mwili nusu mzunguko mara nyingine hufanya kazi kuliko kusaga.

Linatoka mferejini hata ukienda taratibu

Watu hutazama nyuma, na kosa liko mbele. Matairi ya mbele hayana kazi ya kushika. Kazi yake ni kusimamisha pua kwa kimo sahihi na kuzunguka bila kusumbua. Yakiwa makubwa mno huinua ulimi kutoka mferejini na nyuzi za shaba zinapoteza reli. Gari linakatika umeme, kisha linatoka. Liweke gari juu ya kioo chenye pengo au juu ya kipande cha barabara: ulimi uzame wote, na kipande cha karatasi ya daftari kipite chini ya tairi la mbele kwa kugusagusa tu. Likiinua ulimi, lisage tairi la mbele, usiongeze uzito.

Tairi la mbele linaloshika huvuta pua katika kona na kuupingia ulimi. Lipake rangi ya kucha isiyo na rangi, au supa gluu nyembamba, liwe gumu na la kuteleza. Ukiazima rangi ya kucha ya dada, mrudishie chupa kabla hajauliza.

Tairi linazunguka peke yake juu ya ringi

Chora mstari mmoja kwa kalamu kutoka kwenye ringi hadi kwenye tairi. Endesha. Mistari ikiachana, tairi linateleza ndani, na hata likiwa jipya na safi gari halitaondoka vizuri. Mpira na yurethani hugundishwa kwa supa gluu. Silikoni haishikwi na supa gluu. Tegemea ukubwa wake kubana ringi, au tumia utando mwembamba wa silikoni ya kuzibia sinki, inayopatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi. Iache siku nzima.

Limekuwa polepole baada ya matairi mapya

Sababu mbili za haraka: tairi pana linasugua ndani ya mwili, au gundi imeingia kwenye bushi. Zungusha kwa kidole usikilize.

Kama halisugui, fanya hesabu. Tairi la kipenyo cha milimita 20 lina mzingo wa milimita 62.8. Likisagwa hadi 19 mzingo ni 59.7. Kwa giya ya meno 9 kwa 27, mota huzunguka mara tatu kwa kila mzunguko wa tairi, hivyo kila mzunguko wa mota ulikusogeza milimita 20.9, sasa 19.9. Umepoteza asilimia 5 ya mwendo wa juu, na umepata kuondoka kwa haraka zaidi kwenye kona. Kwenye barabara fupi ya sebuleni hilo ni biashara nzuri. Kwenye nyoofu ndefu utaliona.

Na chasisi imeshuka nusu milimita. Anayetumia sumaku ajue kwamba nusu milimita karibu na reli ni nguvu nyingi: gari litashika kuliko zamani, mota itafanya kazi zaidi, na dereva atasema matairi mapya yamelifanya zito. Ipandishe sumaku kwa kipande cha karatasi ngumu chini yake kabla hujamlaumu aliyekuuzia.

Matairi yaliyokaa kabatini

Gari likilala juu ya matairi yake miezi kadhaa, linaamka na ubapa. Liweke juu ya kizibo au kipande cha mbao ili magurudumu yaning'inie. Matairi ya ziada yakae kwenye mkebe unaofungika, mbali na jua la dirishani na upepo wa chumvi, pamoja na pakiti zile za kunyonya unyevu zinazokuja kwenye masanduku ya viatu. Yurethani nyingine huchakaa kwa unyevu hata bila kutumika. Ni ugonjwa uleule unaomomonyoa soli za viatu vya harusi vilivyofungiwa kabatini. Ikinata kwenye vidole au kuacha chenga, itupe. Na matairi kuukuu yasiguse mwili wa gari wala ringi za plastiki za gari lingine, kwani kemikali zinazoyalainisha huhama na kuila plastiki.

Ukilazimika kununua

Pima ringi, si tairi kuukuu: kipenyo cha ringi, upana wake, na kama ina tuta au mfereji katikati, kwa sababu tairi lisilo na umbo hilo kwa ndani halitakaa. Ugumu huandikwa kwa kipimo cha Shore A, namba ndogo ikiwa laini zaidi. Kwa joto letu usikimbilie laini kabisa inayosifiwa na watu wa nchi baridi. Chagua ya hatua moja juu yake. Agiza kubwa kidogo kuliko unayoitaka, kwa kuwa utasaga, na jozi mbili za aina moja kwa mkupuo mmoja, kwa sababu nauli ya kifurushi inaweza kupita bei ya matairi yenyewe. Jozi ya pili andika tarehe juu ya pakiti na uitie mkebeni bila kuifungua.